Pesa ya Upatu Haina Fomu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa mafaili katika kampuni ya mikopo ya nyumba pembezoni mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba boksi kama wenzangu wengi: zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, kugeuza wagonjwa, kubadilisha mashuka. Kazi ya mezani niliipokea kama zawadi. Kiti kinazunguka, kahawa ya bure, na hakuna anayekutapikia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Afisa mikopo ndiye anayeongea na mteja na kumpa matumaini. Mimi nakusanya makaratasi: stakabadhi za mshahara, fomu za kodi za miaka 2, taarifa za benki za miezi 2, barua ya mwajiri. Nikishapanga, taarifa zinaingizwa kwenye programu ya kompyuta. Fannie Mae na Freddie Mac, yale mashirika makubwa yanayonunua mikopo kutoka kwa wakopeshaji, kila moja lina programu yake tangu miaka ya 1990, nayo ndiyo inayotoa jibu la kwanza. Kisha faili linakwenda kwa andaraita, mtu ambaye mteja hamwoni kamwe, na huyo ndiye mwenye kalamu. Anaidhinisha, anakataa, au anarudisha na orodha ya maswali.

Watu wakisikia nilifanya kazi ile huniuliza kama nilishuhudia ubaguzi. Wanatarajia niwasimulie Mzungu aliyegonga meza akasema huyu mweusi, mnyime. Huyo sikumwona. Wengi ofisini walikuwa watu wema, na nilipofiwa walinichangia. Nilichokiona mimi kilikuwa kwenye ile orodha ya maswali.

Kuna mafaili mawili yaliyonifungua macho, na yalikuja mezani kwangu karibu wakati mmoja.

La kwanza lilikuwa la vijana wawili Wazungu, wameoana karibuni. Kwenye akaunti yao kulikuwa na dola 30,000 zilizoingia kwa mkupuo. Kanuni inasema pesa nyingi zikiingia ghafla lazima zielezwe zimetoka wapi, maana huenda mtu amekopa pembeni. Afisa mikopo akapiga simu, akacheka kidogo na mteja, akaniambia: ni zawadi ya baba. Zawadi ina fomu yake. Ukurasa mmoja: jina la mtoaji, uhusiano wake na mteja, kiasi, na sentensi inayosema pesa hizi hazitarudishwa. Baba akasaini, akaambatisha taarifa ya benki yake. Kabla ya chakula cha mchana jambo limekwisha.

La pili lilikuwa la dada mmoja Mkenya, mwenyeji wa Kisii, msaidizi wa wauguzi mwenye kazi mbili, aliyetaka nyumba ya dola 285,000 huko Brooklyn Park, karibu na Minneapolis. Aliomba mkopo wenye bima ya FHA, shirika la serikali linalowakinga wakopeshaji mteja akishindwa kulipa, ambao kianzio chake, yaani pesa anayotanguliza mnunuzi mwenyewe, ni asilimia 3.5. Alikuwa kwenye chama cha wanawake kumi na wawili, upatu kama tunavyouita sisi Watanzania: kila mmoja anatoa dola 1,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea. Zamu yake ilipofika akapokea dola 12,000, nyingi zikiwa zimeingia kwa simu, kidogo kidogo, kutoka kwa majina kumi na moja tofauti.

Andaraita akarudisha faili. Hawa ni nani? Kwa nini wanamtumia pesa? Kila mmoja aandike barua. Barua zikaja. Akarudisha tena: kila mmoja alete taarifa zake za benki. Hebu fikiria unawapigia wanawake kumi na mmoja, unawaambia watu usiowajua wanataka kuona mshahara wako na unachonunua dukani. Wawili wakakataa. Wala siwalaumu. Safari ya tatu likaja swali ambalo bado nalikumbuka lilivyoandikwa: je, hii ni biashara isiyosajiliwa? Muda wa kiwango cha riba alichokuwa ameahidiwa ukapita, muuza nyumba akachoka, akampa mnunuzi mwingine. Dada yule akapokea barua ya kunyimwa yenye sababu mbili: fedha za kianzio hazikuthibitishwa, na kipato hakitoshi.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mama yangu alinisomesha kwa upatu. Nilikasirika, lakini hasira za karani hazina saini. Nikaanza kusoma. Ule mwongozo wa FHA ni mkubwa kama msahafu wa msikitini, na hakuna anayeusoma kwa raha. Nikawa nausoma wakati wa mapumziko. Na humo ndani kuna kifungu kinachohusu vikundi binafsi vya kuweka akiba. Vinakubalika. Kinachotakiwa ni daftari la kikundi, stakabadhi, uthibitisho wa mweka hazina. Kama umeshapokea na bado unadaiwa michango ya wenzako, michango hiyo ihesabiwe kama deni lako la kila mwezi. Basi. Kanuni imeandikwa na mtu aliyeelewa upatu vizuri kabisa. Fannie Mae nao wana kifungu chao kinachofanana na hicho.

Nikampelekea afisa mikopo. Alikisoma, akasema hajawahi kukiona, na nilimwamini. Halafu akasema, mwambie aiache pesa kwenye akaunti miezi 2, ikishatulia hakuna atakayeuliza, kisha arudi. Ushauri wenyewe haukuwa wa uongo. Pesa iliyokaa kuliko taarifa za benki zinazoombwa haina maswali. Lakini nyumba ilikuwa imekwenda, na hakuna aliyemwambia hivyo mwanzoni. Wale vijana walipigiwa simu na kuchekewa. Huyu aliandikiwa. Na kadiri nilivyoendelea kufanya kazi pale ndivyo nilivyoona kuwa mkopo mwingi unapatikana au kupotea hapo, kwenye nani anapigiwa simu ili faili lake lirekebishwe na nani anatumiwa orodha. Faili karibu zote huwa na kasoro. Sijawahi kuona faili safi, hata la daktari.

Sasa ile zawadi ya dola 30,000. Afisa mikopo alinisimulia, kwa mapenzi tu, kwamba yule baba alikopa kwa dhamana ya nyumba yake iliyoko Edina, na nyumba hiyo aliirithi kwa wazazi wake. Edina ni mji jirani na Minneapolis, wenye shule nzuri na miti mikubwa. Mitaa yake ya Country Club ilijengwa miaka ya 1920 kwa hati zilizokataza kuuzia mtu asiye Mzungu. Minneapolis yenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamechimbua hati za aina hiyo kwa maelfu, wakaziweka kwenye ramani. Ya mapema waliyoipata ni ya 1910, na inawataja Wachina, Wajapani, Wamuri (watu wa Afrika Kaskazini), Waturuki, Weusi, Wamongolia, na watu wenye damu au asili ya Kiafrika. Asili ya Kiafrika, imeandikwa hivyo, wakati ambapo hakuna Mkisii wala Mdigo aliyekuwa amewahi kuisikia Minnesota.

Mwaka 1934 serikali kuu ikaanzisha FHA, hii hii tunayoikimbilia leo, ili iwawekee bima wakopeshaji na watu wa kawaida wapate mikopo ya muda mrefu. Mwongozo wake wa miaka ile ulihimiza hati za kuwazuia Weusi na kuhesabu uwepo wao mtaani kuwa hatari kwa mkopo. Shirika lingine la serikali, HOLC, lilichora ramani za miji, na mitaa ya Weusi ikapakwa rangi nyekundu, yaani hatari kukopesha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kusema mwaka 1948 kwamba hati hizo haziwezi kutekelezwa mahakamani, Minnesota ikapiga marufuku hati mpya mwaka 1953, na sheria ya makazi ya nchi nzima ikasainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Katikati ya hayo, ng'ambo ya mto huko St. Paul, mtaa wa Rondo, kitovu cha Weusi wa mji ule, ulipasuliwa ili barabara kuu ya I-94 ipite. Mamia ya familia zikaondolewa. Nyumba zao zingekuwa leo ndizo za kukopea kianzio cha wajukuu.

Kwa hiyo zawadi ina fomu kwa sababu wapo wengi wanaoitoa. Wazungu wa Marekani zaidi ya saba katika kumi wanaishi kwenye nyumba zao. Weusi hawafiki nusu, na Minnesota pengo hilo ni kati ya makubwa nchini. Pesa ya upatu haina fomu, ina kifungu tu, tena ndani kabisa.

Ile sababu ya pili, kipato hakitoshi, nayo ina mambo yake. Dada yule alikuwa anaingiza pesa kuliko mimi. Lakini kazi yake ya pili alikuwa ameianza haijafika miaka 2, na ovataimu kwa kawaida haihesabiwi mpaka ionekane imedumu. Waafrika wa huku tunabadilisha wakala wa kazi kila tukisikia mwingine analipa dola 2 zaidi kwa saa. Kwenye meza ya andaraita hiyo inasomeka kuwa mtu hatulii kazini. Madereva wa malori ndio usiseme: wanakata kila kitu kwenye kodi, matairi, simu, chakula cha njiani, wanafurahi kodi imeshuka, kisha wanakuja kuomba mkopo na karatasi inaonyesha hawana kipato. Hapo sioni ubaguzi, ni hesabu, na niliwaambia hivyo bila kuwapaka mafuta.

Alama za krediti, zile za kupima kama mtu anaaminika kukopeshwa, zinataka maelezo zaidi. Zinaanzia 300 mpaka 850, na zinampenda mtu anayekopa na kulipa. Mtu wetu aliyelelewa kwamba deni ni aibu, anayelipa gari taslimu, anayelipa kodi ya nyumba miaka tisa bila kuchelewa, alama zake zinakuja nyembamba au hana kabisa. Kodi ya nyumba, ambayo ndiyo kipimo kilicho karibu zaidi na mkopo wa nyumba, kwa miaka yote ile haikuhesabiwa. Fannie Mae walianza kuiangalia kwenye programu yao Septemba 2021. Na kuna wale ambao hawataki riba kabisa kwa sababu ya dini. Wapo Wasomali na watu wa pwani wengi Minnesota wenye uwezo kamili wa kununua, wanaoishi nyumba za kupanga maisha yao yote kwa sababu mikataba ya kuuziana kwa faida badala ya riba inatolewa na wachache. Hawa hawanyimwi na mtu. Hawaji tu.

Nifike kwenye kisanduku cha kuulizwa rangi. Fomu ya maombi ina sehemu inayouliza kabila na rangi, na wateja wetu wengi walikuwa wanaiogopa wakidhani ndiyo inayowanyimisha. Kinyume chake, iko pale kwa sababu ya sheria ya 1975 iliyowataka wakopeshaji watoe takwimu hadharani, na baadaye, mwaka 1989, Bunge likaongeza kwamba rangi ya waombaji nayo iripotiwe. Ukikataa kujibu ukiwa umekaa mbele ya afisa, anatakiwa ajaze mwenyewe kwa kukutazama au kwa jina lako la ukoo. Mzee mmoja wa Bukavu, tuliyekuwa tukizungumza naye Kiswahili chake kitamu, alinishika mkono: "Mama, miye si Mweusi wa Amerika. Andika Mkongomani." Nikamwonyesha fomu. Mwenye asili ya Asia ana nafasi ya kusema Mhindi, Mchina, Mvietinamu. Mlatino anaweza kusema Mmeksiko au Mkuba. Weusi kisanduku kimoja. Mzee alikasirika, nami nilimwelewa, ingawa kuna majivuno fulani ndani ya hasira ile ambayo wengi wetu tunayo na hayatusaidii. Tunafika hapa tukidhani habari za Weusi wa Marekani haziwahusu wageni. Nilimsomea maneno ya ile hati ya 1910. Akaniambia niweke alama.

Takwimu hizo zinasema nini? Mwaka baada ya mwaka Weusi wananyimwa kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya Wazungu kwenye mikopo ya kawaida ya kununua nyumba. Wakopeshaji hujibu kwamba ni kipato, ni madeni, ni krediti. Mwaka 2021 waandishi wa The Markup, chombo cha habari cha mtandaoni, walichukua takwimu za 2019 wakalinganisha waombaji wanaofanana kipato, madeni, kiasi cha mkopo na mengine mengi. Bado Mweusi alikuwa na uwezekano wa asilimia 80 zaidi wa kunyimwa kuliko Mzungu. Wakopeshaji wakasema hamna alama za krediti, na ni kweli, hazitolewi hadharani. Lakini tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani lilikuwa limekusanya hata historia za krediti mwanzoni mwa miaka ya 1990, na pengo lilipungua bila kuisha. Mimi nina tatizo na hoja yenyewe. Hata kama alama ya krediti ingeeleza kila kitu, alama ile haijaota kichwani mwa mtu. Imejengwa na nani alikuwa na baba wa kumwongezea pesa mwezi aliougua, na nani alikuwa anatuma nusu ya mshahara nyumbani.

Tena kunyimwa si madhara pekee. Kabla ya 2008 watu wetu walikubaliwa kwa haraka ya kutia shaka. Kampuni ya mikopo ya Countrywide ililipa dola milioni 335 mwaka 2011, na benki ya Wells Fargo milioni 175 mwaka uliofuata, kumaliza madai ya serikali kwamba Weusi na Walatino walitozwa zaidi au kusukumwa kwenye mikopo ya gharama kubwa wakati Wazungu wenye sifa kama zao walipewa ya nafuu. Nilipohamia Minnesota, kaskazini mwa Minneapolis kulikuwa na nyumba zilizopigiliwa mbao madirishani mtaa kwa mtaa.

Uthamini wa nyumba sitauzungumzia sana maana mafaili ya aina hiyo yalinipitia machache. Ila kisa cha Nathan Connolly kila mtu ofisini alikisoma. Ni profesa wa historia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Mweusi, na somo lake hasa ni rangi na umiliki wa nyumba. Mwaka 2021 yeye na mkewe Shani Mott walithaminiwa nyumba yao Baltimore kwa dola 472,000. Wakaondoa picha za familia, wakamwomba mwenzao Mzungu akae badala yao mthamini wa pili alipokuja. Ikatoka 750,000. Baada ya hapo mume wangu naye alipendekeza tuondoe picha ya harusi na kanga niliyoitundika sebuleni siku ya mthamini wetu. Nilikataa kanga, tukaelewana kwa picha.

Dada wa Kisii nilimtafuta baada ya saa za kazi, jambo ambalo sidhani mwajiri wangu angelipenda. Nilimwambia asiitupe ile barua. Wengi wanaitupa kwa uchungu, na ndiyo karatasi yenye manufaa kuliko zote: sheria inamlazimu mkopeshaji akujibu ndani ya siku 30 tangu maombi yako yakamilike, na akueleze sababu hasa, si "hukufikia vigezo vyetu". Ana haki pia ya kupewa nakala ya uthamini, na akiamini amebaguliwa ana mwaka mmoja wa kulalamika kwa wizara ya makazi, HUD. Yeye hakutaka kulalamika. Alitaka nyumba. Akaenda kwa mkopeshaji mdogo wa mjini, amebeba barua ile, nakala ya kile kifungu, na mweka hazina wa chama. Mama yule alikuja na daftari la mistari, lile la shule, michango ya miaka yote imeandikwa kwa kalamu ya bluu na waliochelewa kwa nyekundu. Afisa akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Michango iliyobaki ikahesabiwa deni, ikamminya kidogo, lakini wakati huo kazi ya pili ilikuwa imefikisha miaka 2, na mahesabu yakakaa. Alinunua Brooklyn Center, nyumba ndogo kuliko ile ya kwanza na ghali zaidi, maana bei zilikuwa hazijamsubiri.

Kwenye takwimu za Weusi walioomba mikopo Minnesota dada yule yumo mara mbili, mara moja kanyimwa na mara moja kapewa. Shemeji yake, aliyepiga simu kwetu kabla yake, akaulizwa maswali matatu na kuambiwa ajipange kwanza, hayumo. Kumvunja moyo mtu asiombe ni kosa kisheria, lakini simu ile haikufunguliwa faili. Bado anapanga.